Namna ya Kupitia Mtaala wa Chuo Kikuu Bila Kuugusa

Mtaala wa chuo kikuu unaweza kupitiwa, kujadiliwa, kupitishwa na Seneti, kupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu na kurudi na ithibati mpya, na mwanafunzi aliyeko darasani asione tofauti hata ya mada moja. Wala si kazi ngumu. Njia yake inajulikana kwa yeyote aliyezoea vikao vya idara, na inafuatwa mara nyingi mno. Nitaieleza hapa hatua kwa hatua, bila kuficha, ili siku ukiiona imeanza kufuatwa chuoni kwenu uitambue mapema na uikatae. Wanaougharamia mchezo huu ni vijana waliokopa Bodi ya Mikopo na wazazi waliouza shamba au ng'ombe ili mtoto akae chuoni miaka 3 au 4, akifundishwa mambo ambayo wanaomfundisha wenyewe wanajua yamepitwa na wakati.

Anayetaka mtaala ubaki ulivyo aanze kwa kuchelewa. Kwa kawaida programu hupitiwa kila baada ya miaka 5 hivi. Muda huo unatosha kabisa kukusanya matokeo ya mitihani, kuwasikiliza wanafunzi kila mwisho wa muhula, kuwatafuta wahitimu na kuandika pembeni kila mada iliyowashinda walimu kuifundisha. Yeye asifanye hata moja kati ya hayo. Asubiri mwaka wa tano, tena muhula wa pili, mpaka barua itoke ofisi ya Naibu Makamu Mkuu wa Chuo anayeshughulikia taaluma, ikisema rasimu zinatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi. Hapo hakuna atakayeuliza swali gumu, kwa sababu swali gumu linataka muda na muda umekwisha. Itabaki hofu moja tu, ya ithibati kufa. Hofu hiyo ina sababu: mwaka 2023 Uganda ilitikiswa pale orodha ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu ilipoonyesha programu nyingi, zikiwemo za Makerere, kuwa muda wake umekwisha, na wahitimu wakaingiwa na wasiwasi juu ya vyeti vyao. Lakini programu inaweza kuwa na ithibati hai ikawa imeshakufa darasani. Tarehe iliyo kwenye barua ya tume haimwambii mtu kilichofundishwa Jumatatu asubuhi.

Baada ya barua huundwa kamati. Kwa mwenye nia ya kutogusa kitu, kamati inayofaa ni ile isiyo na mtu mwenye kauli. Katibu wake awe mhadhiri msaidizi aliyeajiriwa juzi, ambaye bado anasaka ufadhili wa kwenda kusoma zaidi na hawezi kumwambia profesa aliyemfundisha kwamba kozi yake imechakaa. Apewe rasimu ya mara iliyopita, aambiwe aihuishe. Atafanya awezalo: atafungua faili la zamani, atalihifadhi kwa jina jipya, atabadilisha jalada, atasahihisha tarehe, atapanga upya namba za kozi. Kesho yake sehemu kubwa ya kazi itakuwa imekwisha. Simlaumu kijana huyo. Kuihoji elimu ya idara nzima ni kazi ya wakubwa wa idara, na wao ndio walioikwepa.

Kisha huja utafiti wa mahitaji, maana mtaala usio na sura hiyo haupokelewi. Hapa kila kitu kinategemea dodoso. Muulize mwanafunzi wa kidato cha 6 kama angependa kusoma shahada ya fani fulani, atasema ndiyo. Muulize mwajiri kama taifa linahitaji wataalamu wa fani hiyo. Nani atasema hapana? Muulize mhitimu kama programu aliyosoma ni muhimu. Naye ana cheti chake cha kukilinda. Majibu yakirudi, ichorwe chati ya duara yenye rangi, iandikwe kwamba wahojiwa wengi wameunga mkono, na sura imekamilika. Hakuna aliyeulizwa swali ambalo jibu lake lingeweza kuiumiza programu. Ulipoanza kazi, ni kitu gani ulitakiwa kukifanya wiki ya kwanza ukashindwa? Ni kozi ipi hujaikumbuka hata siku moja tangu ulipotoka kwenye chumba cha mtihani? Unachokifanya leo ulijifunzia chuoni au ulifundishwa na wenzako kazini?

Maswali ya aina hiyo yanaulizika, na yalishaulizwa hapa hapa nyumbani. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kimetokana na shule ya udaktari iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963. Kilipoamua kuhamishia mitaala yake kwenye mfumo wa umahiri, ambao ulianza kutumika madarasani mwaka 2011, hakikuanza na jalada. Kilishirikiana na Chuo Kikuu cha California cha San Francisco, kikawafuata wahitimu makazini, kikataka kujua ni mambo gani daktari, mfamasia au muuguzi anapaswa aweze kuyafanya siku anapokabidhiwa wagonjwa, kisha masomo yakapangwa kwa kuanzia kwenye majibu hayo. Sisemi kila kitu kilikwenda sawa. Mfumo wa umahiri unataka walimu wengi, vifaa, na muda wa kumtazama mwanafunzi mmoja mmoja, na vyote hivyo ni adimu kwetu. Lakini mwelekeo wa kazi ulikuwa sahihi: walianzia kitandani kwa mgonjwa, wakarudi darasani.

Warsha ya wadau ndiyo hatua inayopendwa kuliko zote, na ndiyo inayoweza kuyazika mapitio kwa heshima kubwa zaidi. Ifanyike hotelini, ikiwezekana mji mwingine, ili walioalikwa wahesabu na posho ya kulala. Rasimu yenye kurasa mia mbili na kitu igawiwe mlangoni asubuhi hiyo hiyo, pamoja na begi, kalamu na daftari. Mgeni rasmi achelewe. Kuwe na hotuba ya ufunguzi, utambulisho wa mmoja mmoja, picha ya pamoja, chai na sambusa. Ikifika saa 5 ndipo mtoa mada atasimama, na kwa vile muda umebana, atapitia maeneo muhimu tu. Mwajiri aliyealikwa atasema vijana wa siku hizi hawajui kuandika barua ya kuomba kazi wala kujieleza mbele ya watu. Vichwa vitatikisika. Mtu wa wizara atakumbusha sera. Baada ya chakula cha mchana washiriki watagawanywa makundi, makundi yatatoa maoni, maoni yataandikwa kwenye bango kitita, na jioni bango kitita litaviringishwa na kuachwa chini ya meza. Taarifa itasema wadau walishirikishwa kikamilifu.

Nani hakuitwa? Hakuitwa mhitimu anayeendesha bodaboda huku cheti chake kikiwa ndani ya begi nyumbani. Hakuitwa fundi sanifu wa maabara, ambaye ndiye anayejua ni mazoezi mangapi ya vitendo yaliyoandikwa kwenye mtaala hayakufanyika kwa sababu kemikali ziliisha. Hakuitwa mkutubi, anayejua kwamba kitabu kinachotajwa kuwa cha lazima hakijawahi kuwepo rafuni. Hakuitwa mwanafunzi aliyepata sapu kwenye kozi moja pamoja na nusu ya darasa lake. Watu hawa hawahitaji hoteli. Wanaweza kusikilizwa kwenye chumba cha semina wakiwa na chupa ya maji mezani, wakasema kwa saa moja mambo ambayo warsha ya siku tatu haitayakaribia.

Na tusidanganyane kuhusu fedha. Mradi wa HEET wa elimu ya juu Tanzania, ulioidhinishwa mwaka 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, uliyaweka mapitio ya mitaala miongoni mwa kazi zake kuu. Ni mkopo. Watakaoulipa ni hao hao wanafunzi na watoto wao, kwa hiyo wana haki ya kuuliza kama fedha zimefika darasani au zimeishia kwenye begi na picha ya pamoja.

Yapo pia mabadiliko yanayoonekana makubwa kwenye karatasi tu. Mwaka 1956 Benjamin Bloom na wenzake walichapisha mpangilio wao wa ngazi za malengo ya kujifunza, na tangu hapo walimu duniani kote wamekuwa na orodha ya vitenzi vya kuandikia wanachotarajia mwanafunzi akiweze. Ni chombo kizuri kikitumiwa kwa uaminifu. Kwa mkwepaji, nacho ni maficho mazuri: palipoandikwa kwamba mwanafunzi ataelewa paandikwe atachambua, palipoandikwa atafahamu paandikwe atabuni, na mtaala wa zamani unakuwa wa umahiri kabla ya chai ya saa 4. Kisha fungua mtihani. Swali la kwanza linasema taja sifa 5. La pili linasema toa maana. Mwanafunzi anayetakiwa kubuni amepewa saa 3 akumbuke yaliyomo kwenye madesa, yale yale ambayo kaka yake aliyasoma chuoni hapo kabla yake, na atafaulu vizuri bila kubuni chochote. Ukitaka kuujua mtaala halisi wa idara yoyote, weka kando rasimu, uombe mitihani ya miaka 5 iliyopita. Ukikuta maswali yanarudi kwa zamu, utakuwa umepata jibu ambalo hakuna dodoso litakalokupa.

Kuna watu wanaoliona hili kila mwaka na kuliandika, nao ni watahini wa nje. Wanatoka vyuo vingine, wanakaa siku chache na marundo ya karatasi za majibu, wanaandika kwamba maswali hayapimi kilichokusudiwa, kwamba alama za kazi za muhula ziko juu mno zikilinganishwa na za mtihani wa mwisho, kwamba tafiti za wanafunzi zinafanana kupita kiasi. Wanaacha ripoti, wanaondoka. Ripoti inapokewa, inashukuriwa, inawekwa kwenye jalada. Anayetaka mapitio yasiguse kitu ahakikishe ripoti hizo hazikaribii chumba cha kamati. Kwa maoni yangu hakuna upotevu mbaya kuliko huu katika vyuo vyetu, kwa sababu ushauri huo umeshalipiwa, umetoka kwa mtu anayeijua fani, na umeandikwa kutokana na majibu ya wanafunzi wenyewe.

Sasa tufike kwenye hatua iliyobeba nyingine zote: usifute kozi yoyote, ongeza tu. Kufuta kozi ni kumgusa mtu. Kozi ina mwenyewe. Kuna mhadhiri aliyeiandika akiwa kijana, akaifundisha miaka 20, na mzigo wake wa ufundishaji unahesabiwa kwa hiyo kozi. Ukiifuta atabaki na saa pungufu, na utawala utaanza kuuliza kwa nini idara inaomba kuajiri wakati walimu waliopo hawana vipindi vya kutosha. Basi inatafutwa amani. Kozi mbili zinazofundisha kitu kimoja kwa majina mawili zinabaki zote. Kozi ya mwaka wa kwanza inayorudia mambo ya kidato cha 6 inabaki. Hata kozi ambayo mwenyewe alistaafu na hakuna wa kuifundisha inabaki, kwenye karatasi, ikiwa ya hiari, na kila mwaka wanafunzi huambiwa haitatolewa muhula huu.

Hesabu ndiyo inayoiumbua amani hiyo. Kwa utaratibu wa Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo za mihadhara, semina, maabara, kujisomea na kuandika kazi alizopewa. Mwaka una krediti 120, na shahada ya kwanza ya miaka 3 haipungui krediti 360. Krediti 120 ni saa 1,200. Zigawe kwa wiki 30 za mihula miwili, unapata saa 40 kwa wiki, sawa na za mfanyakazi wa ofisini. Mwanafunzi huyu hana akiba ya saa. Kila kozi inayochomekwa bila nyingine kuondolewa inakula saa za mahali fulani: za maktaba, za maabara, za usingizi. Aliyepangiwa kozi 8 kwa muhula hazisomi zote 8. Anachagua za kusoma, za kudesa na za kumwachia Mungu, na anafanya hivyo kwa akili timamu, kwa sababu waliompangia walikataa kuchagua. Kamati iliyo makini huanza na swali la nini kitoke, ndipo iulize nini kiingie, na mkuu wa idara hubeba lawama ya kumwambia mwenzake ukweli uso kwa uso, akampangia kazi nyingine yenye heshima. Nimeona idara ikifanya hivyo. Watu walinuniana muhula mzima. Kisha wakawa na programu ambayo kila mwalimu wake aliweza kuieleza kwa mgeni kwa dakika 5 bila kushika karatasi.

Wasiofuta hujaza vilivyo kwenye mtindo. Wakati fulani ulikuwa ujasiriamali: shahada ya historia, ya jiolojia, ya uuguzi, zote zikapachikwa kozi ya ujasiriamali, ikifundishwa na mtu ambaye hajawahi kuendesha hata kioski. Sasa ni zamu ya akili unde. Ni jambo zito na vyuo vyetu vinalihitaji kwelikweli, ndiyo maana inauma kuona linavyotendewa. Inaandikwa kozi yenye jina refu na mada zilizonakiliwa kutoka chuo cha ng'ambo, kwa ajili ya idara isiyo na hata mtu mmoja aliyewahi kufundisha somo hilo, yenye chumba kimoja cha kompyuta kinachogombaniwa na mamia ya wanafunzi. Ukiuliza nani atafundisha, unajibiwa ataajiriwa. Mtaala ni ahadi kwa mtu anayelipa, na ahadi hutolewa kwa walimu waliopo, vifaa vilivyopo, au vile ambavyo fedha yake imeshatengwa.

Programu mpya nazo zina ugonjwa wake, mkubwa zaidi. Anayetaka kuuelewa asome kitabu cha Mahmood Mamdani cha mwaka 2007 kuhusu mageuzi ya Makerere kati ya 1989 na 2005. Chuo kile, kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, kilikuwa kimebanwa fedha, kikafungua milango kwa wanafunzi wa kujilipia, na ada yao ikawa tegemeo la vitivo na idara. Mamdani alionyesha jinsi idara zilivyoanza kugombania wanafunzi kwa kubuni programu zenye majina yanayouzika, kitivo kimoja kikiingia kwenye uwanja wa kingine, utafiti ukisinyaa. Sioni tofauti kubwa na yanayoendelea leo katika vyuo vingi vya kanda yetu, ambako shahada moja hupasuliwa ikazaa tatu zenye kozi karibu zile zile, na kijana akapewa cheti chenye jina ambalo mwajiri hajawahi kulisikia. Mambo huharibika zaidi pale fani inapokuwa na bodi yake. Kenya imeshashuhudia wahitimu wa uhandisi wakinyimwa usajili kwa sababu bodi ya wahandisi haikuzitambua programu walizosoma. Walikuwa wameshalipa, wameshamaliza, wameshavaa joho. Kabla rasimu haijatoka idarani, bodi ya taaluma iwe imeisoma na imejibu kwa maandishi. Hili halihitaji falsafa yoyote, ni barua moja na subira.

Lipo swali ambalo mapitio ya bandia hulikimbia kuliko yote: katikati ya elimu hii pamewekwa nini, na kwa nini? Tarehe 24 Oktoba 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, watu watatu walilishika swali hilo bila woga. Walikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye wakati huo bado alijulikana kama James Ngugi, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong. Mwezi mmoja kabla, kaimu mkuu wa Idara ya Kiingereza alikuwa amepeleka kwenye bodi ya Kitivo cha Sanaa waraka uliopendekeza maendeleo ya hapa na pale, ikiwemo nafasi ya lugha na fasihi za Afrika kando ya Kiingereza. Wale watatu wakajibu kwamba Idara ya Kiingereza ifutwe. Walitaka mahali pake pawe na masomo yatakayoiweka Afrika katikati, yakianzia kwenye fasihi simulizi, fasihi ya Kiswahili ikiwemo, na ya Ulaya pia ikiwemo, ila zote zitazamwe kwa jicho la mtu aliyesimama hapa. Kutokana na vuguvugu hilo Nairobi ikapata Idara ya Fasihi, na mwaka 1974 mjadala ukafika mpaka kwenye ufundishaji wa fasihi katika shule za sekondari za Kenya.

Dar es Salaam ilikuwa na mjadala wake. Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, chuo kikuu kishiriki kilichokuwa kimeanza mwaka 1961 na somo la sheria peke yake kilifanya mkutano kujadili nafasi yake katika Tanzania ya kijamaa. Mijadala ya miaka ile ndiyo iliyozaa masomo ya maendeleo, yaliyowalazimu wanafunzi wa fani zote kuijua historia na uchumi wa jamii yao. Mwaka 1970, chuo kilipokuwa chuo kikuu kamili, ikaanza Idara ya Kiswahili, na wasomi wake wakafundisha ngazi ya shahada kwa Kiswahili wakati wengi waliamini lugha hii haiwezi kubeba elimu hiyo. Unaweza kuyapinga majibu ya watu wale. Mimi nadhani masomo ya maendeleo, pale yalipogeuka kuwa ya kukariri, yalipoteza kusudi lake. Lakini waliuliza, tena hadharani, kwa majina yao, mbele ya wakubwa wao, na mtaala ukabadilika kwa sababu kulikuwa na hoja. Linganisha na rasimu za leo zinazoandikwa kana kwamba hazina mwandishi.

Turudi kwenye njia yetu, imebaki hatua ya Seneti, nayo haitanichukua muda. Rasimu yetu iletwe siku moja na nyingine kadhaa, saa za kuelekea jioni. Wajumbe wabishane juu ya namba za kozi, nafasi za mkato na ukubwa wa herufi. Ipitishwe kwa marekebisho madogo, na kazi imekwisha kwa miaka mingine 5.

Hiyo ndiyo njia yenyewe, na kila kipande chake kinaweza kuzuiwa na watu wa kawaida. Kama wewe ni mwanafunzi, andika maelezo kamili kwenye fomu ya tathmini ya kozi badala ya kuweka vema na kupita, na serikali yenu ya wanafunzi idai kiti kwenye kamati ya mtaala kwa nguvu ile ile inayodai bumu likichelewa. Kama ni mhitimu na umeletewa dodoso lisilouliza kitu, andika nyuma yake ulichokosa chuoni, utaje na kozi. Mzazi, kabla hujalipa ada, uliza programu hiyo inatambuliwa na nani na nani wanaifundisha. Na wewe mhadhiri, ukiitwa kwenye kikao cha kwanza usiende mikono mitupu. Beba mitihani ya miaka 5, beba ripoti za watahini wa nje, na beba majina ya kozi mbili unazopendekeza zifutwe, moja ikiwa ya kwako.